Glavu Nyeupe za Mama Kaindi

Wiki jana mliniacha kwenye ngazi za jengo moja la Mtaa wa Luthuli, nimevaa kizibao cha kuazima, napanda kwenda kucheza fainali yangu ya kwanza tangu nitoke kifungoni. Wengi mmeuliza kama nilianguka. Sikuanguka. Ingekuwa heri ningeanguka.

Kwa anayeanza kusoma leo, jina langu ni Bramwel Sifuna, mzaliwa wa Kimilili, mkazi wa Kangemi. Kwenye meza ya snuka naitwa Chaki. Nimekuwa bingwa mara mbili kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano, na nimelala mtaroni mara nyingi zaidi ya hizo. Pombe ilinipenda, nami sikutaka kuiudhi.

Hicho kifungo si cha jela. Miaka miwili iliyopita, nikiwa nimelewa saa tano asubuhi, refa mmoja wa kike alisema nimegusa mpira kwa mkono wa shati. Na kweli nilikuwa nimegusa. Badala ya kukubali, nikamwambia mbele ya ukumbi mzima, "Mama, si uende nyumbani ukapike."

Akanijibu bila kupandisha sauti. "Nilipika kabla nitoke. Sasa nimekuja kukuhesabia."

Ukumbi ulicheka mpaka pombe ikanitoka. Refa huyo ni Madam Veronicah, karani wa serikali kwa siku za kazi na refa kwa siku za Jumamosi, mama wa glavu nyeupe na viatu visivyo na kelele. Chama kikanifungia miaka miwili. Kisha mwenyekiti wetu, Bwana Oduor, mtu anayependa sheria kuliko chakula, akaniandikia barua: nikirudi, nikimwonyesha refa yeyote dharau hata ya ukubwa wa chembe ya chaki, sitacheza tena maisha yangu yote.

Maisha yote. Mimi ambaye sijui kazi nyingine chini ya jua. Shikeni hapo, tuendelee.

Katika miaka hiyo miwili nilipata kazi ya umaka kwenye klabu moja ya wakubwa huko Loresho. Maka ndiye anayehesabu alama, anayepiga meza pasi asubuhi, na anayecheza na mwanachama asiye na mwenzake. Mwanachama akikaribia kushindwa, maka mwenye akili anajua la kufanya. Nilishindwa na madaktari, mawakili na mchungaji mmoja, wote kwa adabu.

Hapo klabuni ndipo nilipomjua Mzee Kitavi, mtunza stoo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniona nikishindwa makusudi, na kila mara alitikisa kichwa kama mtu anayemwona ng'ombe mzuri akilimishwa barabara. Siku moja bintiye alimletea dawa za presha. Binti huyo ni Kaindi, muuguzi wa Lavington, na hayo ya Kaindi mliyasoma wiki tatu zilizopita, sitayarudia kwa sababu nitasahau niliyokuja kusema.

Niliacha pombe. Nikapeleka posa. Kwa Wakamba, mbuzi watatu wa kwanza huitwa ntheo, na wakishapokelewa, msichana ana mwenyewe. Lakini Mzee Kitavi alikuwa na sharti lake.

"Mama Kaindi ni mtu wa kuambiwa pole pole," aliniambia pale stoo, akiwa amefunga mlango. "Wewe peleka mbuzi kwa ndugu yangu kule Mwingi. Mimi nitamwambia wakati mzuri."

"Wakati mzuri ni lini, mzee?"

"Nitaujua nikiuona."

Miezi mitano ilipita hajauona. Mbuzi wakazaa. Mimi sikuwahi kumwona Mama Kaindi wala kuuliza jina lake, na msinicheke. Mtu wa kwetu haulizi habari za mama mkwe. Baba yangu, mwalimu mzima, aliwahi kujitosa kwenye shamba la mahindi na baiskeli yake kwa sababu bibi, mama yake mama yetu, alikuwa anakuja na njia ile ile. Alikaa humo mpaka bibi akapita, akatoka na majani kichwani, akaendelea na safari. Hakuna aliyecheka. Mkwe hampi mama mkwe mkono, hapokei kitu kutoka mkononi mwake, hamkodolei macho, na wakiwa chumba kimoja, mmoja wao ana haraka ya kutoka. Hiyo ndiyo heshima niliyonyonya.

Kaindi naye alinificha. Alipojua mimi ndiye yule mlevi aliyemtukana mama yake, alinyamaza, akamwachia baba yake huo mzigo. Hilo nililijua baadaye. Siku ya fainali alikuwa zamu, na wauguzi wa pale hufungia simu kabatini mpaka saa kumi na moja.

Basi nikaingia ukumbini saa nane kasoro dakika tano. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye madirisha. Mstari wa mbele kabisa nikamwona Mzee Kitavi, amevaa koti la kanisani.

"Mzee! Umekuja kuniona!"

"Nimekuja, kijana yangu. Leo uwanyoroshe."

Alikuwa amekumbatia mkoba mweusi wa kike magotini, wa ngozi, wenye kufuli ya dhahabu.

"Na hiyo mkoba ni ya nani?"

"Ya Mama Kaindi."

"Amekuja? Ako wapi, nijifiche?"

Mzee alielekeza kidevu mezani. Pale, chini ya taa, Madam Veronicah alikuwa anavaa glavu ya mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

"Mzee, hapana," nikasema.

"Ndiyo."

"Huyo ni Madam Veronicah."

"Huku ni Madam Veronicah. Kwangu ni Mama Kaindi."

"Na ulijua ni yeye nilimwambia aende..."

"Akapike. Najua sana. Alirudi nyumbani hiyo siku na hakupika wiki mbili. Ni mimi nilikuwa napika."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Si nilikuwa nangojea wakati mzuri?"

Juma lililotangulia nilikuwa nimejaza fomu ya Bwana Oduor, yenye swali: Je, una undugu au ukwe na refa yeyote? Nikaandika HAPANA, herufi kubwa, kwa moyo safi kama maji ya mvua.

"Wacha niende nimwambie Oduor sasa hivi," nikasema.

Mzee Kitavi akanishika mkono wa shati. "Ukisema, mimi leo nalala wapi? Wewe cheza tu, kijana. Cheza haraka haraka, shinda, nenda nyumbani. Ni masaa matatu tu."

Hapa ndipo kosa langu, na nalikiri mbele yenu wote. Ningeweza kwenda kwa Oduor. Ilikuwa hatua kumi. Lakini niliiangalia ile meza, kitambaa kimepigwa pasi vizuri, mipira imepangwa, watu wanaita "Chaki! Chaki!" kama zamani, nikasema moyoni, masaa matatu tu. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naficha uchi wa watu wawili.

Mpinzani wangu alikuwa Ciru, fundi wa simu wa hapo hapo Luthuli, msichana mtulivu anayetafuna ubani na ambaye mkono wake hautetemeki hata akirekebisha saa. Tulikuwa tunacheza fremu tano, yaani raundi tano, wa kushinda tatu ndiye bingwa na ndiye anayebeba bendera kwenda mashindano ya Afrika.

Kabla ya mechi, refa huwapa wachezaji mkono. Ciru akapewa. Halafu glavu nyeupe ikaja kwangu.

Nikarudi nyuma hatua mbili. Mikono nikaificha mgongoni. Nikainama, uso nikaugeuzia ukutani.

"Shikamoo, mama," nikauambia ukuta.

"Mchezaji, mkono."

"Nimesalimia, mama."

"Unaongea na ukuta?"

"Ndiyo, mama. Hapana, mama."

Ukumbi ukaguna. Glavu ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka. Akatoa kijitabu, akaandika. Bwana Oduor, aliyekaa kwenye meza ya kamati na barua yangu mbele yake, akaandika pia.

Ciru akaniinamia. "Chaki, umekunywa?"

"Chai tu."

"Basi hiyo chai imekushika."

Fremu ya kwanza sitaki kuikumbuka. Kwa asiyejua snuka, mambo ni haya. Unaingiza mpira mwekundu, halafu unaingiza wa rangi, halafu mwekundu tena. Mwekundu ukiingia umeingia. Lakini wa rangi ukiingia, refa anakuja, anautoa mfukoni na kuurudisha mahali pake. Yaani kila nikifanya vizuri, mama mkwe anakuja.

Niliingiza mwekundu. Nikaingiza mweusi. Akaja. Mimi nikaenda dirishani.

Akarudisha mweusi, akaondoka. Mimi nikarudi. Nikaingiza mwekundu mwingine, nikaingiza mweusi. Akaja. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha Ciru.

"Buda," Ciru akasema, "hii ni snuka ama tunajificha brikicho?"

Watu walicheka. Nikakosa mpira ambao hata yule mchungaji wa Loresho angeuingiza. Ciru alisimama, akasafisha meza kwa utulivu, akakaa. Moja bila.

Mzee Kitavi akaninong'oneza, "Kijana, tulia."

"Mzee, wewe ndiye usiniongeleshe."

Nilikaa nikinywa maji nikaifikiria ile meza. Meza ya snuka ni ndefu, futi kumi na mbili. Mweusi hukaa mwisho wa huku, njano na kahawia na kijani mwisho wa kule. Kila mchezaji duniani hutaka mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ubaki karibu na mweusi, kwa sababu huko ndiko kuna alama. Mimi nilitaka nini? Nilitaka mweupe ubaki mbali na mama.

Basi, nikasema, nitacheza mbali na mama.

Fremu ya pili nikaanza hivyo. Nikaingiza mweusi, nikaupiga mweupe ukazunguka kuta tatu ukarudi mpaka mwisho wa kule. Madam Veronicah akaenda kwa mweusi, mimi nikaenda kwa mweupe, futi kumi na mbili kati yetu, kila mtu na heshima yake. Sasa mwekundu uko mbali. Mwekundu wa mbali vile hakuna mtu mwenye akili anayeujaribu.

Nikaujaribu. Ukaingia bila kugusa ukingo.

Ukumbi ukalipuka. Nikachagua kahawia, nikaiingiza, mweupe ukakimbia mwisho wa huku. Madam akaenda kule, mimi nikaja huku. Mwekundu. Buluu. Kila mpira nilioupiga ulikuwa na kazi mbili, kuingia, na kuniweka upande ambao yeye hayuko. Sijawahi kucheza vile, hata katika ubingwa wangu. Pombe ilinipa ujasiri wa kuropoka tu. Heshima ya ukwe ilinipa mkono.

"Huyu mtu anapiga vitu gani?" nikasikia mtu nyuma.

"Ni show-off!"

"Show-off na zinaingia?"

Tukawa moja kwa moja. Fremu ya tatu pia nikaichukua, alama themanini na tisa bila kukaa. Mzee Kitavi alikuwa amesimama juu ya kiti, mkoba wa mkewe kwapani, anapiga makofi. Mimi nilikuwa na furaha ambayo nilidhani nimeinywa yote nikiwa kijana. Nilicheka peke yangu nikipaka chaki.

Lakini Madam Veronicah hakucheka. Alikuwa ananiangalia. Kila nikikwepa, aliniangalia. Mara mbili alibadilisha njia makusudi, akazunguka meza upande wangu bila sababu, na mara mbili mimi nikabadilisha yangu. Akaandika kijitabuni. Bwana Oduor naye akaandika, na uso wake ulikuwa umeanza kunona.

Fremu ya nne. Ciru aliongoza mwanzo, nikamfikia, wekundu wakaisha. Rangi za mwisho hazirudishwi zikiingia, kwa hiyo nikashusha pumzi. Sasa refa hana haja ya kunikaribia. Njano ikaingia. Kijani ikaingia. Kahawia ikaingia. Zilibaki tatu: buluu, pinki na nyeusi. Nikiingiza buluu na pinki tu, mimi ni bingwa, na Chaki amerudi.

Mweupe ukasimama katikati ya meza.

Nilinyoosha mkono. Haukufika. Mimi ni mfupi, hilo nimewaambia tangu sehemu ya kwanza. Mchezaji mfupi akishindwa kufika, hutumia ule mti mrefu wenye kichwa cha msalaba, anaegemeza fimbo yake juu, nasi huuita resti. Katika ukumbi ule resti huning'inia ukutani nyuma ya kiti cha refa. Na sheria ya pale ni kwamba refa ndiye anayeitoa, anampa mchezaji mkononi.

Nikajaribu kupanda meza. Mguu mmoja lazima ubaki chini. Nikajinyoosha mpaka kizibao cha watu kikalia. Wapi!

Madam Veronicah alishaelewa. Alisimama, akaitungua resti, akaja nayo. Safari hii sikuwa na pa kukimbilia. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa watu.

"Mchezaji, resti."

"Iweke chini tu, mama."

"Haiwekwi chini. Shika."

"Mama, naomba uiegemeze hapo kwa meza, mimi nitaichukua."

"Nimesema shika."

Akaisogeza karibu na kifua changu. Nikafumba macho, nikageuza uso, nikainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Kiti cha Bwana Oduor kiligonga sakafu.

"Imetosha!" Alikuwa ameinua ile barua. "Sifuna amekataa mkono wa refa. Sifuna amemkimbia refa mechi nzima. Sasa amekataa kifaa kutoka kwa refa, mbele ya watu. Madam, wewe tuambie neno moja tu. Haya ni madharau ama si madharau? Ukisema ni madharau, nafunga kitabu."

Ciru aliacha kutafuna.

Maisha yangu yote yalikuwa kwenye mdomo wa mama niliyemwambia akapike. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kuliko siku zote nilizoamka nisijue niko wapi.

Madam Veronicah alirudisha resti ukutani, taratibu. Akavua glavu ya kulia. Akavua ya kushoto. Akazikunja pamoja.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "mtu wa madharau huangalia mtu kwa macho. Huyu hajaniangalia hata mara moja tangu saa nane. Miaka miwili iliyopita aliniangalia vizuri sana akinitukana, kwa hivyo najua anajua kuangalia."

Watu wengine wakacheka kidogo, wakaacha.

"Mimi ni mtu wa Mwingi," akaendelea. "Nimeona wanaume wakimkimbia mama yangu hivi. Nimeona bwanangu akimkimbia hivi. Kwetu hii inaitwa nthoni, ni heshima ya mtu na mama ya mke wake. Nilidhani naota, ndio nikazunguka meza mara mbili kumjaribu." Akageuka upande wangu, lakini safari hii yeye ndiye aliyetazama pembeni. "Kijana. Mimi niko na wasichana wawili. Mmoja ameolewa kule mjini Wote na bwana yake namjua. Mwingine ni Kaindi. Wewe ni mkwe wangu?"

Ukumbi ulisema "Haaa!" kwa pamoja.

Bwana Oduor alikuwa tayari ameshika fomu yangu. "Ngoja, ngoja. Sifuna, hapa umeandika hapana. Kama si kweli, Madam amekosea, utapewa resti, utamaliza fremu yako. Kama ni kweli, mechi yote imefutwa, na aliyedanganya kwenye fomu adhabu yake ni ile ile. Maisha. Jibu."

Fikirieni. Neno moja, na buluu iko pale, futi tano kutoka mfukoni. "Hapana, simjui Kaindi." Watu wamesema uongo mkubwa zaidi kwa kitu kidogo zaidi. Mimi mwenyewe nimeusema, mnajua, mmekuwa mkiusoma hapa wiki baada ya wiki.

Lakini moyoni nilimwona Kaindi pale Lavington, amevaa sare, hajui kwamba jina lake liko mezani Luthuli. Ndiye aliyenikuta nikitetemeka wiki ya kwanza bila pombe akaniletea uji kwenye kopo la maua kwa sababu vikombe vyangu vyote nilikuwa nimeviuza. Nimkane mbele ya mama yake?

"Ni kweli, mama," nikauambia ukuta. "Mimi ni mkwe wako. Na ile siku ya kupika, nisamehe. Nimeishi na hiyo aibu miaka miwili."

Nilipolitoa hilo neno, mwili wote ukawa mwepesi. Ciru akapiga makofi, peke yake, halafu nusu ya ukumbi ikamfuata.

"Nimesikia," Madam Veronicah akasema kwa sauti ndogo. Halafu kwa ile kubwa, "Mwenyekiti, siwezi kuchezesha mtoto wangu. Futa mechi. Lakini huyu akitia hiyo sahihi alijua mimi ni nani?"

"Hilo ndilo swali," Oduor akasema. Barua alikuwa bado ameishika. "Kama hakujua, hakudanganya. Tutarudia mechi wiki ijayo na refa mwingine. Kama alijua, ameisha. Sifuna, ulijua lini?"

"Leo, saa nane kasoro dakika tano."

"Leo!" Oduor akatikisa kichwa. "Umepeleka posa kwa watu, mama mtu hujui jina? Hiyo nani ataamini?"

"Kwetu hatuulizi, Bwana Oduor."

"Kwenu. Na hapa ni Nairobi. Nani alikuambia, hiyo saa nane kasoro dakika tano? Mlete shahidi mmoja tu, aseme mbuzi za posa zilipelekwa yeye akijua, na mama hakuambiwa, na wewe hukuambiwa. Mmoja tu, na barua hii naichana."

Nikacheka. Jamani, nilicheka kwa raha. Shahidi? Shahidi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na koti lake la kanisani.

"Yule pale," nikasema. "Mzee aliyeshika mkoba."

Vichwa vyote viligeuka. Kichwa cha Madam Veronicah ndicho kiligeuka mwisho, na kiligeuka polepole kuliko vyote.

"Kitavi?" akasema. "Mbuzi gani?"

Mzee Kitavi alishuka kutoka kwenye kiti. Alimwangalia mkewe. Aliniangalia mimi, kijana wake, niliyetunziwa siri miezi mitano, niliyekuwa nikipigiwa makofi nusu saa iliyopita. Nikamwashiria kwa kichwa, sema tu mzee, huu ndio wakati mzuri wenyewe.

Akaukumbatia mkoba mpaka kidevuni, akakohoa.

"Mama Kaindi," akasema, "huyu kijana mimi namwona leo kwa mara ya kwanza."